Bustani ya Wafinyanzi Huko Shigaraki

Katika mkoa wa Shiga, nchini Japani, kusini ya ziwa Biwa lililo kubwa kupita maziwa yote ya nchi ile, uko mji mdogo wa milimani uitwao Shigaraki. Mgeni ashukaye garimoshi hapo hupokelewa na sanamu za udongo za mnyama mmoja mwenye tumbo kubwa, kisha hupanda kwa miguu yapata dakika 20 hadi kwenye bustani iliyofunguliwa na serikali ya mkoa mwaka 1990. Eneo lake ni hekta 40 hivi. Kutembea ndani yake hakulipiwi. Nyumba ya maonyesho ndiyo yenye kiingilio.

Si bustani ya maua. Kinachotukuzwa humo ni udongo. Shigaraki ni mmoja wa miji sita ya Japani ambayo majoko yake, yaani matanuri ya kuchomea vyombo, yamedumu tangu zama za kati. Udongo wake ni tope la ziwa Biwa la kale, nao una chembe nyeupe za mawe, hustahimili moto na hufaa kwa vyombo vikubwa. Wakulima walihitaji mitungi ya kuwekea mbegu na maji, wafinyanzi wakawafanyia. Hakuna aliyeitengeneza ili isifiwe. Baadaye, katika karne ya 15 na ya 16, walimu wa ibada ya kunywa chai waliitazama mitungi hiyo ya shambani, pamoja na makovu yake yote, wakaipa heshima kubwa.

Makovu hayo ni kazi ya moto. Joko la kale liitwalo anagama ni mfano wa pango refu lenye mdomo mmoja. Kuni huchomwa humo siku kadhaa, usiku na mchana, hata joto likapita digrii 1,200. Majivu hupeperushwa na miali, yakatua mabegani mwa mtungi, yakayeyuka na kuwa utando wa kijani mithili ya kioo. Upande ulioelekea moto hugeuka mwekundu. Mfinyanzi hakupaka chochote. Bustanini yamo majoko ya kuni ya namna hiyo, nayo si mapambo: huwashwa na kutumika.

Lakini mji huu nusura upoteze riziki yake. Kwa miaka mingi uliishi kwa kuuza hibachi, chombo kipana cha udongo kinachojazwa majivu na kutiwa makaa juu, jamaa wakakizunguka na kuota moto wakati wa baridi. Vita Kuu ya Pili ilipofikia mwisho wake, chuma kikiwa adimu, wafinyanzi wa Japani waliagizwa kufinyanga hata maganda ya mabomu ya mkono. Askari asomaye haya ataelewa hali ilikuwa imefikia wapi. Amani iliporudi, hibachi zikauzwa tena kwa wingi. Kisha majiko ya mafuta ya taa na ya umeme yakaingia majumbani, na katika miaka ya sitini hibachi ikakosa mnunuzi.

Wafanye nini watu waliozoea kufinyanga chombo kimoja? Tofauti ya hibachi na chungu cha kupandia maua si kubwa: ni tundu kitakoni. Wakauza vyungu vya maua, wakauza vigae vya kuta. Jua jeusi lililoko mgongoni mwa Mnara wa Jua, uliosimamishwa Osaka kwa maonyesho ya mataifa ya mwaka 1970, ni vigae vya Shigaraki. Wakauza pia yule mnyama mnene, tanuki, ambaye katika hadithi za Wajapani ni mjanja kama sungura wetu. Huvaa kofia ya majani, akashika chupa ya pombe na daftari la mkopo wa dukani. Mwaka 1951 Mfalme Hirohito alipouzuru mji, tanuki walipangwa njiani wakiwa na bendera, na tangu hapo nchi nzima ikawajua.

Miongoni mwa walioanza kazi viwandani alikuwa Bibi Kamiyama Kiyoko, aliyezaliwa mwaka 1936. Kazi yake ilikuwa kuchora nakshi juu ya vyombo, kwa kuwa joko lilikuwa la wanaume. Akajenga anagama yake nyumbani, akachoma na kuharibu vyombo vingi, hata akaupata utando wa majivu wa wazee wa kale. Mwanawe, naye mfinyanzi, alishikwa na saratani ya damu, na uboho wa kumfaa ukatafutwa kwa shida. Mama na rafiki zake wakahamasisha watu wajitolee, na juhudi za namna hiyo zikachangia kuanzishwa kwa benki ya uboho ya taifa mwaka 1991. Kijana alifariki mwaka 1992. Mama aliendelea kufinyanga, akafariki mwaka 2023.

Bustanini iko pia nyumba ya kazi, ambamo tangu mwaka 1992 wafinyanzi wa nchi mbalimbali, wake kwa waume, hukaa kwa muda na kufinyanga. Anayechoma kwa kuni hupanga zamu na wenzake kama walinzi wa lindo, kwa maana joko likiwaka haliachwi peke yake hata usiku wa manane.