SHABA HUPIMWA, DAWA YA MTOTO JE?



Wako wenzetu wasemao: "Leta iache biashara za watu. Mnunuzi ana macho yake, na mwuzaji mbaya atakosa wateja. Huo ukaguzi ni njia ya kula franka tu." Siwacheki, maana uchungu wao si wa bure. Lakini mimi ni karani wa mgodi, na kazi yangu yanifundisha vingine.

Tangu siku za Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, shaba ya Katanga huuzwa kwa kipimo. Mnunuzi wa ng'ambo hasemi, "Nimeiona, inatosha." Huchukua kipande, hukipima, ndipo hulipa. Kama tajiri hayaamini macho yake juu ya shaba, mama wa kartie atayaamini vipi juu ya kidonge?

Tukumbuke mambo ya Ituri. Tangu Desemba 2014 hata Agosti 2015, watu zaidi ya 1,000, wengi wao watoto, walipatwa na ugonjwa wa ajabu: shingo ilikakamaa, macho yakageuka, ulimi ukatoka nje. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Kumbe walikuwa wamemeza vidonge vilivyoandikwa diazepamu. Vilipopimwa, ndani ilikutwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Wengine walikufa. Ni macho gani yangaliona hayo? Na wateja wangalimkimbiaje mwuzaji kabla watoto hawajaumia?

Mtasema: vidonge vile viliingia, na sheria ilikuwapo. Ni kweli. Ofisi yetu ya kukagua bidhaa, OCC, iliundwa mwaka 1974. Lakini mlinzi akilala hatuvunji mlango, twamwamsha. Muhuri usio na kipimo ni ushuru tu, nao hauponyi mtu.

Basi tudai mambo mawili. Anayelipisha ukaguzi aonyeshe matokeo ya kipimo. Na kila bidhaa iliyokataliwa, jina lake libandikwe sokoni, kwa Kiswahili, kila mtu asome. Nasi tuache kununua vidonge vya barabarani visivyo na boksi wala karatasi.

Wandugu, tumepima shaba ya wengine miaka mingi. Sasa tupimiwe na sisi kile tunachowapa watoto wetu.