Huna Kichwa Kibaya, Ulifundishwa Kunakili

Wasee wa Shauri Moyo, leo naongea na walimu wa kompyuta. Najua hawatapenda.

Muhula wangu wa kwanza chuoni, mwalimu aliandika ubaoni programu ya kujumlisha alama za wanafunzi kumi. Tukanakili, tukakariri hadi mabano. Mtihani ukaja: tafuta alama ya juu zaidi. Darasa zima kimya. Beshte yangu akaambiwa hana kichwa cha kompyuta. Muhula wa pili hakurudi, na karo aliyolipa mamake haikurudi pia.

Siku hizi anauza viatu Gikomba. Asubuhi moja nilimkuta na gunia limefunguliwa, anatafuta kamera kali kuliko zote. Anashika kiatu cha kwanza. Anachukua cha pili, analinganisha. Kikiwa bora, anabadilisha. Kama si bora, anakiweka kando. Gunia likiisha, kilicho mkononi ndicho bora.

Manze, hilo ndilo lilikuwa jibu la ule mtihani!

Hiyo inaitwa ruwaza: njia moja inayotatua maswali mengi ya ukoo mmoja. Fundi wa Kamukunji ana kipande cha bati alichokikata kama kipimo. Anakilaza juu ya bati jipya, anachora, anakata. Haanzi kupima upya kila jiko. Konda naye ana yake: anaanza na sifuri, anaongeza kila nauli, mwisho wa safari ana jumla. Tupeni hizi kwa majina, "bora mpaka sasa" na "jumla inayokua", na mtufundishe lini utumie ipi.

Kuna watakaosema hiyo pia ni kukariri. Zii. Mwambie aliyekariri programu atafute alama ya chini zaidi. Ataanza na sifuri kama kwenye kujumlisha, na jibu litabaki sifuri hata kama wa mwisho alipata 31. Mwenye ruwaza ataanza na alama ya kwanza, kama beshte yangu na kiatu cha kwanza. Huyo anajua kwa nini.

Sisemi mabano hayana maana. Ukikosea moja, programu inagoma. Lakini swali lije kwanza, ruwaza ifuate, mabano baadaye.

Mwaka 2022 KICD iliidhinisha silabasi ya Kodris Africa ya kufundisha watoto wa shule za msingi na sekondari kuandika programu. Fiti sana. Lakini tukiwapelekea ule ule mtindo wa ubao na kunakili, tutawaambia watoto wadogo mapema zaidi kwamba hawana kichwa.

Juzi nilimwandikia beshte yangu ile programu kwenye kipande cha katoni, mistari sita hivi. Akaisoma polepole, kiatu mkononi, halafu akaniangalia.

"Kumbe ilikuwa hii tu?"

Ilikuwa hiyo tu, bro. Walimu, hilo swali lake ni lenu. Mjibuni.