Mfugaji Anaandika "Dawa ya Mdondo" Google: Nani Anamjibu?

Wiki hii sina somo la kupanda wala la kulisha. Nina maoni yangu kuhusu jambo ambalo wengi wetu tunaliona ni la wafanyabiashara wa mjini: namna ya kutumia blogu na mitandao ya kijamii ili maandishi yetu yatokee juu pale mtu anapotafuta kitu Google. Mimi nasema jambo hilo ni kazi ya ugani kama lilivyo shamba darasa. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza linafanyikaje.

Tuanze na kuku. Kuku wa kienyeji wakianza kuharisha kijani, kuhema kwa shida na kupinda shingo, mfugaji mwenye simu janja, au mtoto wake anayesoma sekondari, hafungui kitabu. Anaandika Google "dawa ya mdondo" au "kuku wanaharisha kijani". Atakachokisoma hapo ndicho kitaamua kama fedha yake itafanya kazi au itapotea. Ukweli tunaujua: mdondo, ambao wengine tunauita kideri, unasababishwa na kirusi na hauna tiba. Una chanjo. Ile chanjo inayostahimili joto hutolewa tone moja kwenye jicho, kwa kuku ambao bado ni wazima, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini kama ukurasa wa kwanza anaokutana nao ni wa muuzaji anayetaka kumaliza antibayotiki zilizojaa dukani, atanunua antibayotiki. Antibayotiki haiui kirusi. Kuku watakufa, fedha itakuwa imekwenda, na mayai ya waliopona yataliwa yakiwa na mabaki ya dawa.

Sasa jiulize, jibu sahihi lilikuwa wapi? Mara nyingi lipo. Limeandikwa na afisa mifugo wa kata fulani kwenye grupu la WhatsApp, tena kwa ufasaha, likapata "asante mtaalamu" za kutosha, na kufikia jioni likafunikwa na salamu, matangazo ya misiba na mabishano ya mpira. Mfugaji wa wilaya ya pili hawezi kulipata. Hata yule wa kata hiyohiyo aliyejiunga na grupu wiki iliyofuata hawezi kulipata.

Google haiingii kwenye grupu

Google ina programu zinazoitwa roboti. Hizi hutembea mtandaoni kutoka kiungo kimoja hadi kingine, zikisoma kurasa zilizo wazi na kuziorodhesha kwenye faharasa kubwa. Mtu anapouliza swali, Google haianzi kuzunguka dunia wakati ule. Inachungulia faharasa yake na kupanga kurasa kulingana na inavyoona zinajibu swali.

Grupu la WhatsApp lina mlango uliofungwa, roboti haipiti. Status inafutika baada ya saa 24. Grupu la faragha la Facebook nalo limefungwa. Kwa hiyo unaweza kuwa mtaalamu maarufu kwenye magrupu kumi, na mbele ya Google ukawa kama hujawahi kuandika neno.

Mahindi hupukuchuliwa uwanjani, lakini hayahifadhiwi uwanjani. Mitandao ya kijamii ni uwanja: pana watu, pana kelele, kazi inafanyika. Blogu ni ghala. Kosa la wengi ni kuacha mavuno yote uwanjani.

Laiki hazipandishi ukurasa

Hapa nitapingana na baadhi ya walimu wa masoko ya mtandaoni. Wanasema ukiweka kiungo cha blogu yako kila mahali na kukusanya laiki, Google itakupandisha. Si hivyo. Google ilianza mwaka 1998, na waanzilishi wake, Larry Page na Sergey Brin, walijenga wazo moja walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford: tovuti moja ikiweka kiungo cha kwenda kwenye ukurasa wa tovuti nyingine, hiyo ni kama kura. Kura inayotoka kwenye tovuti inayoaminika ina uzito zaidi. Lakini tangu mwaka 2005 kuna alama ya kuiambia Google kwamba kiungo fulani kisihesabiwe kama kura, na mitandao mikubwa ya kijamii huiweka kwenye viungo vinavyobandikwa na watumiaji wake. Mwaka 2014 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza mapambano ya Google dhidi ya ulaghai, alieleza kwamba idadi ya laiki na wafuasi haikuwa kipimo cha kupanga kurasa.

Je, mitandao ya kijamii haina faida basi? Inayo kubwa, ila inapita njia ya kuzunguka.

Kwanza, inaleta wasomaji. Kati ya wasomaji mia wa Facebook anaweza kuwemo mtangazaji wa redio ya jamii, mwalimu wa chuo cha kilimo, au mwenye blogu nyingine. Huyo ndiye anayeweza kuweka kiungo chako kwenye tovuti yake. Hiyo ndiyo kura inayohesabiwa.

Pili, inakupa maswali. Hakuna utafiti wa maneno unaoshinda grupu la wafugaji. Swali lililoulizwa mara tatu kwenye grupu ni kichwa cha makala yako ijayo.

Tatu, inakusahihisha. Ukiandika jambo lisiloeleweka, watu watakwambia siku hiyohiyo, nawe utarekebisha ukurasa kabla haujasomwa na wengine.

Andika neno analoandika mkulima

Hapa ndipo wataalamu tunaposhindwa na wauzaji. Mtaalamu anaweka kichwa "Udhibiti Husishi wa Tuta absoluta". Mkulima wa nyanya anaandika "dawa ya kantangaze". Mtaalamu anaandika "ugonjwa wa Newcastle". Mfugaji anaandika "mdondo", "kideri", au dalili tu: "kuku amepinda shingo". Google siku hizi inajitahidi kuelewa maana, lakini kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa majina ya mikoa mbalimbali usiiachie ibahatishe. Weka majina yote ndani ya makala: jina la kitaalamu mara moja, na majina ya watu pale yanapofaa.

Najua wengine watasema, "Nitaandikaje 'dawa ya mdondo' wakati mdondo hauna dawa?" Andika hivyohivyo. Kichwa kiwe: "Dawa ya mdondo wa kuku: ukweli kabla hujanunua". Kisha sentensi ya kwanza iseme wazi kwamba hakuna tiba, kuna chanjo, na wenye dalili watengwe. Umemkuta mfugaji mahali alipo, umemtoa salama. Ukikataa kutumia neno lake, umemwachia muuzaji.

Mambo mengine madogo yanayosaidia:

1. Ukurasa mmoja, swali moja. Usichanganye mdondo, ndui na minyoo kwenye makala moja ndefu.

2. Jibu litangulie, maelezo yafuate. Aliye na kuku wanaokufa hana muda wa historia ya ufugaji.

3. Picha ziwe zako na ziwe nyepesi. Msomaji ananunua bando, na Google hutazama zaidi ukurasa unavyoonekana kwenye simu. Jina la picha liwe maneno, kwa mfano "jani-la-nyanya-lenye-kantangaze", si namba za kamera.

4. Makala zishikane. Ya chanjo iwe na kiungo cha kwenda ya banda, na ya banda irudi kwenye ya chanjo. Roboti hutembea kwa viungo, na msomaji pia.

5. Weka tarehe, na urudi kurekebisha. Viuatilifu hubadilika. Kabla ya kutaja jina la kiuatilifu, hakikisha kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

6. Fungua huduma ya bure ya Google inayoitwa Search Console. Itakuonyesha maneno halisi ambayo watu waliyaandika hadi ukurasa wako ukatokea.

Mbolea ikizidi

Zipo njia za mkato. Kurudia neno moja mara hamsini, kunakili makala za wengine, kununua viungo. Nyanya iliyozidishiwa urea huweka majani mengi mazuri, matunda hakuna. Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Panda mwaka 2011 yakashusha tovuti zenye makala hafifu na za kunakili, kisha mwaka 2012 yakaja ya Penguin dhidi ya viungo vya kununua na vya hila. Tovuti nyingi zilizokuwa juu zilianguka. Kwetu sisi wa ugani hasara ni mbaya zaidi, kwa sababu makala iliyonakiliwa kutoka nchi nyingine inaweza kuwa na dawa isiyosajiliwa hapa au mbegu isiyofaa mvua zetu.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza: wakulima wengi hawana simu janja. Ni kweli wapo wengi wasio nazo. Lakini angalia habari inavyosafiri kijijini. Anayetafuta ni mmoja, ni kijana wa nyumbani au muuza duka la pembejeo, kisha anawasomea wengine. Huyo mmoja akikuta jibu baya, nyumba nyingi zimepotoshwa.

Hoja ya pili: watu hawasomi, wanatazama video. Sawa, tengeneza video. Lakini iandikie kichwa na maelezo ya kutosha kwa Kiswahili, na uiweke pia ndani ya makala. Kipimo cha dawa kinahitaji maandishi ambayo mtu atarudia kuyasoma akiwa ameshika bomba la kunyunyizia. Na hizi programu za akili bandia zinazojibu maswali siku hizi hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Kama maandishi mazuri ya Kiswahili kuhusu mifugo ni machache, majibu yake nayo yatakuwa ya kubahatisha.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: muda. Afisa mmoja ana vijiji kadhaa, pikipiki ina mafuta ya kuhesabu, na taarifa ya mwezi inasubiriwa. Nakubali. Hata hivyo, jibu moja lililoandikwa vizuri linaokoa simu nyingi. Ukiulizwa tena, unatuma kiungo. Maoni yangu ni kwamba wakuu wetu wa idara waanze kuhesabu makala kama wanavyohesabu ziara za mashambani. Na halmashauri zenye tovuti ziweke viungo vya makala za maafisa wao zilizohakikiwa. Kiungo hicho hakigharimu chochote, na ni kura yenye uzito.

Jambo moja la tahadhari kwa anayetaka kuanza. Hapa Tanzania maudhui ya mtandaoni yana kanuni zake tangu mwaka 2018, na zimekwisha kubadilishwa zaidi ya mara moja. Ulizia TCRA kwanza kama blogu unayotaka inahitaji leseni, na mjulishe mwajiri wako. Kama utaratibu unakushinda, omba nafasi kwenye tovuti ya halmashauri au ya chuo, uandike huko. Kinachotakiwa ni ukurasa ulio wazi, si lazima uwe wenye jina lako.

Wauzaji hawalali, na siwalaumu. Wanatafuta riziki, na wapo waaminifu wengi. Lakini muuzaji anaandika ili auze. Hakuna anayepata faida kubwa kwa kuandika kwamba mdondo hauna tiba, au kwamba kantangaze anaingia ndani ya jani na kunyunyizia dawa ileile kila wiki kunamfanya aizoee. Kuandika hayo ni wajibu wa aliyeajiriwa kusema ukweli hata kama hakuna kinachouzwa.

Kwa hiyo, wenzangu, wiki hii fanya moja tu. Chukua swali lililoulizwa mara nyingi zaidi kwenye grupu lako mwezi huu. Liandike kama kichwa kwa maneno yaleyale ya aliyeuliza, jibu kwa sentensi tatu za kwanza, kisha eleza. Ukimaliza, rudisha kiungo kwenye grupu. Nawe mfugaji, ukisoma ushauri wowote mtandaoni, huu wangu ukiwemo, angalia umeandikwa lini, umeandikwa na nani, na kama mwisho wake kuna namba ya kutuma hela. Kama ipo, mpigie kwanza afisa mifugo wa kata yako.

Maswali yaandike hapo chini kwenye maoni. Yakijirudia, yatakuwa makala.