Asiyeotesha Asipewe Kisu

Ndugu vijana wa Xaveri, wa Kiro, wa Skauti, na ninyi wengine mnaokutana uwanjani baada ya misa ya pili, tangazo la namna hii mmekwisha kulisoma kwenye mlango wa kanisa: mafunzo kwa vitendo juu ya dawa za miti ya kwetu, siku 3, chakula kipo, cheti kitatolewa. Mimi nililisoma, nikaenda. Siku ya kwanza tulisikiliza, siku ya pili tuliandika. Siku ya tatu, ambayo ndiyo iliyoitwa ya vitendo, tuliongozwa hadi bonde lenye mabaki ya msitu, tukapewa mapanga, tukaonyeshwa mti mmoja mrefu wenye gome jeusi lililopasukapasuka, na kila mmoja akaambiwa atwae kipande chake cha gome kiwe mfano. Tulikuwa zaidi ya 30. Ilipofika jioni mti ule ulikuwa umevuliwa nguo pande zote, tangu kimo cha mtu hadi chini. Nilipita tena pale baada ya kiangazi. Majani yalikuwa yamepukutika, na mtu mwingine alikuwa ameanza kuukata kwa ajili ya makaa. Cheti changu ninacho hadi leo.

Naandika kupinga mafunzo ya namna hiyo, na sitatumia maneno laini. Mafunzo yanayomzoeza kijana kuchuma kabla hajajua kupanda ni mafunzo ya unyang'anyi, hata yakifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa picha ya pamoja.

Mti ule wataalamu huuita Prunus africana. Huota katika misitu ya milima ya Afrika, kuanzia Kameruni hadi Kenya, na hata Madagaska. Huku kwetu Kivu kila kabila lina jina lake kwa mti huo, jambo linaloonyesha kwamba wazee waliujua zamani. Gome lake hutengenezewa dawa huko Ulaya kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume, ule unaowafanya wazee wakojoe kwa shida na kuamka mara nyingi usiku. Kwa sababu hiyo magome ya Kivu yamesafirishwa kwa magunia, mengine yakipitia Uganda. Mti ulipoanza kuadimika, ukaingizwa mwaka 1995 katika orodha ya CITES, mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini.

Ni lazima mwelewe kwa nini mti hufa, maana mwalimu wetu hakutueleza. Chakula cha mti hutengenezwa majanini, kisha huteremka hadi mizizini kwa njia ya sehemu ya ndani ya gome. Ukiondoa gome pande zote, umekata njia hiyo. Mizizi hubaki na njaa. Majani huendelea kuwa kijani kwa muda, na aliyechuna huenda zake akidhani hakudhuru kitu. Mti hufa polepole, mchunaji akiwa mbali. Lakini ukichukua gome la pande mbili tu zinazotazamana, ukaziacha nyingine mbili, wala usikwaruze utando laini ulio chini yake, mti waweza kujifunika upya, nawe ukasubiri miaka kadhaa kabla ya kugusa sehemu iliyobaki. Jambo hili hufundishwa kwa nusu saa. Sisi tulikuwa na siku 3.

Sasa tazameni aibu yetu ilivyo kubwa. Kinini ilitoka katika gome la mti mwingine, kinkina, ambao kwao ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Huko nako wachunaji waliumaliza msituni, hata wageni wakaiba mbegu na kuupanda kwa wingi Asia, hasa kisiwani Java. Katika enzi ya Wabelgiji ukaletwa Kivu, na hapa ukajengewa vitalu, ukapandwa kwa mistari, ukapaliliwa na babu zetu, mara nyingi kwa shuruti. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatujui kuotesha mti wa dawa. Tumejua tangu zamani! Mti wa mgeni tuliufanyia kitalu na kivuli na mlinzi. Mti wa nyumbani tunaufanyia panga.

Najua mtakachojibiwa. Wa kwanza atasema: vijana hawana kazi, waacheni wajifunze upesi wapate franka. Simhukumu mtoto aliyechuna gome kwa sababu nyumbani hawajala tangu jana. Nimeishi hapa, najua maana yake. Lakini semina yenye sahani za wali na sombe haina njaa, na haiwezi kujitetea kwa njaa ya mtoto yule. Tena fedha ya gome haibaki mikononi mwa mchunaji. Yeye huuza gunia, na faida huiona yule anayeuza vidonge.

Wa pili atasema: msitu ni wa Mungu, utaota wenyewe. Mbegu ya mti huu haivumilii kukaa. Ikikauka kabisa, nguvu zake hupotea mapema. Yahitaji ndege na nyani wa kuibeba, na tukishawamaliza, nani ataibeba? Mche ukiota leo, gome la kuvunwa halitapatikana kabla ya miaka kumi na zaidi. Kumwachia Mungu kazi ambayo ametupa mikono ya kuifanya si imani.

Mwingine atajivunia kwamba parokia yake imekwisha kupanda artemisia. Vema, lakini artemisia ni mmea wa China, si urithi wa misitu yetu, na Shirika la Afya Duniani halikubali chai yake itumike kutibu malaria. Mkitaka mmea wa kuanzia, mnao nyuma ya nyumba: mubirizi, ule mchungu. Kata kipande cha shina, kichomeke ardhini wakati wa mvua, kitachipua. (Hata sokwe wa Mahale, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, wameonekana wakitafuna mashina yake wanapougua minyoo, wao hawakuhitaji cheti.)

Yuko pia anayesema kwamba wazee ni wachoyo, wanaficha dawa zao. Hapa naomba tunyamaze kidogo. Sote tunajua jinsi mama mzee mwenye chungu cha majani anavyoitwa mchawi upesi vijijini mwetu, na sote tunajua kwamba waliookota mawe walikuwa mara nyingi vijana wa umri wenu. Je, angewafundisha nini? Tena wale waliokwenda kwake na madaftari hawakurudi kumwonyesha walichoandika. Kama mafunzo yana maana, yaanze mlangoni pake: kumchotea maji, kumlimia, kupatana naye mbele ya jumuiya juu ya kile kinachoweza kuandikwa na kile atakachokibakiza kwake, na kumlipa kama tunavyomlipa mwalimu mwingine.

Ninachodai si kigeni. Mafunzo yachukue mwaka mzima, yapite katika mvua na kiangazi. Kijana aokote tunda bivu, aondoe nyama yake, apande mbegu ingali mbichi, aweke kivuli, ahesabu zilizoota na zilizokufa, na asione haya kuandika zilizokufa. Ajifunze kukausha tawi lenye jani na ua kati ya magazeti, kuandika mahali, tarehe na jina la mmea kwa lugha ya mama yake, kisha kulipeleka Lwiro, kwenye kituo cha utafiti kinachohifadhi mimea ya namna hiyo, wamwambie kama alichodhani ndicho. Ajue tofauti ya kuchuma jani, ambalo hurudi, na kung'oa mzizi, ambao haurudi. Mizizi ya Rauvolfia vomitoria iliyochimbwa katika nchi yetu kwa ajili ya dawa za shinikizo la damu ilimaanisha mara nyingi mmea mzima kung'olewa. Na ajifunze, zaidi ya yote, kusema hapana: mtoto mwenye homa kali na degedege hupelekwa kituo cha afya, hapewi majani, na kijana wa parokia asijifanye daktari kwa sababu ameotesha miche 20.

Baada ya mwaka huo, aliye na mche ulio hai apewe kisu, aonyeshwe pande mbili za gome.

Wengi watakimbia, nalijua hilo. Semina ya siku 3 hujaza ukumbi, na viongozi hupenda ukumbi uliojaa. Basi, kamati isiandike tangazo lingine kabla ya kuandika jambo moja dogo: majina ya wale watakaonyweshea kitalu katika mwezi wa 7 na wa 8, wakati mvua imekatika, shule zimefungwa, na kila mtu amekwenda kwa ndugu zake.