Kichwa cha kitanda kije baada ya neti

NYUMBANI KWETU
Na Asumpta Kapinga

Malipo ya kahawa yakishatoka kwenye chama cha ushirika, AMCOS, mafundi seremala wa Mbinga hawalali. Kila mtu anataka kitanda kipya, na siku hizi anakuja na picha kwenye simu. Picha zenyewe karibu zote zinafanana: kitanda cha sita kwa sita, kichwa kirefu kilichojazwa sponji na kuvalishwa velveti ya kijivu, vifungo vimezama humo kwa safu. Kitanda cha sofa, ndivyo tunavyokiita. Fundi anaambiwa, "Nitolee kama hiki," na kazi inaanza.

Sikikatai kitanda cha sofa. Ninachokataa ni kupanga chumba cha kulala kwa picha bila kujiuliza chumba chenyewe kiko wapi. Sisi hasa hatuwezi kufanya hivyo. Milima ya Umatengo inapanda hadi karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kutoka Mbinga mjini, huku milimani, hadi Mbamba Bay, kando ya ziwa, ni kilomita 66 tu za lami, lakini unaondoka umevaa sweta na kufika unatafuta kivuli. Kitanda kimoja hakiwezi kufaa huku na kule.

Dada yangu anaishi Mbamba Bay. Mwaka jana alishusha kitanda cha sofa kwa gari la mizigo, kizuri kweli, nami nilimsifia kwa moyo wote. Nilipokwenda kumtembelea nikalala chumba hicho na mwanawe mdogo. Kichwa cha kitanda kilikuwa kirefu kuliko kizingiti cha chini cha dirisha, kikaziba nusu ya dirisha linalotazama ziwa, na upepo tuliokuwa tukiusikia nje ukaishia hukohuko nje. Joto nililivumilia. Kilichonitia uchungu ni neti. Kichwa kile ni kinene na kimegandana na ukuta, hakuna pa kuchomekea, kwa hiyo neti ilikuwa imetupiwa juu yake tu na kuacha mwanya kila upande. Asubuhi niliinua pindo nikakuta mbu watatu wametulia kwenye mikunjo ya velveti, matumbo mekundu, palepale mtoto alipokuwa ameweka kichwa.

"Dada," nikamwambia, "hawa wamekula hapa usiku kucha."

Akanijibu kwamba alikwishaliona, ila alidhani hakuna la kufanya.

Lipo la kufanya, na wazee walilijua. Watu wa pwani na Unguja walikuwa na samadari, kitanda kirefu chenye nguzo, na juu yake ikatandazwa besera, kitambaa cha kukifunika kwa juu. Uzuri wa kitanda kile ulibebwa na nguzo zake. Mwambie fundi wako leo apandishe matendegu manne yawe nguzo, aziunganishe juu kwa fito, neti ya pembe nne ining'inie kwa ndani na kuchomekwa chini ya godoro pande zote. Kichwa cha kitanda kiwe cha vijiti vilivyochongwa, si ukuta wa pili, ili upepo upite. Hapo chumba kimeshapambwa kabla hujanunua hata pazia. Neti nyeupe iliyotandwa vizuri kwenye nguzo za mninga ni pambo ambalo velveti hailifikii, na ile inayotolewa kliniki kwa wajawazito inatosha kabisa.

Nimetaja mninga kwa makusudi. Mti huu unatoka kwenye misitu ya mkoa wetu huu wa Ruvuma, mchwa hawaupendi, na rangi yake ya kahawia yenye michirizi haihitaji kufichwa na kitambaa. Ndani ya vitanda vingi vya sofa, ukipasua, utakuta chipubodi. Chipubodi ikipata unyevu inavimba na kubomoka, nasi tunaiweka kando ya ziwa. Ukikaa na fundi anayejua kazi, mwangalie anavyounga mfumbati na tendegu: anachonga ulimi upande mmoja, anatoboa tundu upande wa pili, anajaribu, anapunguza kidogo kwa patasi, anajaribu tena mpaka vinakaa bila kucheza. Kitanda cha namna hiyo hakilii usiku. Kilichopigwa misumari kitalia kabla ya msimu mwingine wa kahawa.

Huku juu Umatengo mambo ni tofauti. Juni na Julai ukuta wa tofali za kuchoma unakuwa baridi kama jiwe la mtoni, na anayeegemea kusoma au kunyonyesha anahitaji kitu laini mgongoni. Kichwa cha sofa huku kina kazi yake. Ila kiwe na kitambaa kinachovuliwa na kufuliwa, maana kunguni wanapenda mishono kuliko sisi tunavyoipenda. Bibi yangu kule Litembo alilalia kitanda cha kamba, teremka tukaze, na kila kamba zilipolegea tulishuka kweli tukazikaza; kisha akakitoa juani na kukimwagia maji ya moto kwenye viungo. Velveti huwezi kuimwagia maji ya moto. Na neti ni ya huku pia, maana mbu hawakuishia Mbamba Bay.

Rangi za ukuta, mashuka, taa ya kando, hayo kila mtu ana jicho lake. Lakini kabla hujampa fundi kishanzu msimu huu, chukua futi kamba uingie chumbani. Pima kutoka sakafuni hadi kizingiti cha chini cha dirisha, kichwa cha kitanda kisipite hapo. Pima neti yako, urefu na upana. Mpelekee fundi vipimo hivyo kwanza, halafu ndipo umwonyeshe picha. Dada yangu ameshaagiza nguzo nne.