Mlevi Asiyekumbuka Si Mwongo

Aghalabu mlevi wa miaka mingi anaposimulia jambo ambalo halikutokea, jamii humwita mwongo na suala huishia hapo. Akiulizwa alikokuwa jana, hueleza kwa utulivu kwamba alikwenda Nakuru kumzika ami yake, ilhali majirani wanajua hakutoka nje ya ua. Watu hucheka. Wasanii wa vichekesho nao hucheka pamoja nao, kwani mlevi ni mhusika asiyewagharimu kitu. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo humfanya msimulizi wa aina hii aamini kila neno analolitamka.

Mnamo 1881, daktari Mjerumani Carl Wernicke alieleza habari za wagonjwa watatu waliochanganyikiwa, wakayumba walipotembea, na macho yao yakashindwa kusogea sawasawa. Wawili kati yao walikuwa walevi. Kuanzia 1887, Sergei Korsakoff wa Moscow aliandika kuhusu wagonjwa ambao walizungumza kwa adabu na kufikiri vyema, lakini dakika chache baadaye hawakumkumbuka mtu waliyezungumza naye. Chanzo kilikuja kubainika kuwa ni upungufu wa vitamini B1, yaani thiamini. Mnywaji wa kupindukia hali vya kutosha, na pombe yenyewe huuzuia utumbo kuifyonza vitamini hiyo, ambayo akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu huharibika. Pengo linalobaki hujazwa kwa vipande vya mambo ya kale, bila mwenyewe kujua.

Kiswahili kinamwitaje mtu huyu? Uongo huhitaji nia, na uzushi vivyo hivyo. Kuweweseka ni kwa aliye usingizini au mwenye homa, naye huyu yu macho. Waama, hata "kichaa cha pombe" ni kapu tu: humo hutiwa asiyekumbuka, anayesikia sauti zikimtukana, na anayetetemeka na kuona viroja siku mbili tatu baada ya kuacha pombe ghafla. Huyu wa mwisho anaweza kufa asipotibiwa upesi.

Atakayesema kwamba istilahi ni kazi ya madaktari asahau kwanza kwamba mgonjwa hafikishwi hospitalini na daktari. Hufikishwa na mkewe au nduguye, ambaye hueleza kwa lugha aliyo nayo. Akisema "anadanganya sana siku hizi", nani atamchoma sindano ya thiamini? Nayo sindano hiyo, ikiwahi, huweza kuzuia madhara. Ikichelewa, kumbukumbu nyingi hazirudi. Wengine hudhani amerogwa na kumpeleka kwa mganga, siku zikapita.

Kumikumi yenye methanoli ilipowaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi mnamo Novemba 2000, magazeti yalijaa habari zake. Anayepotea polepole ndani ya nyumba yake haandikwi, pengine kwa sababu hakuna kichwa cha habari cha kumwandikia.

Pendekezo lililopo hapa ni "ujalizaji wa kumbukumbu". Mwanafunzi wa sarufi anakijua kijalizo tangu mwaka wa kwanza, na kitenzi jaliza hakimtuhumu mtu kwa lolote.