Bei ikianguka, nani anarudi nyumbani?

Wanainchi wenzetu, vijana wa Kolwezi, Likasi, Lubumbashi na kwengine,

Mutatuuliza: ninyi mashomeri, hata mushahara hamuna, munazungumuzia hisa za nini? Ni kweli, wengi wetu tuko na diplome mu kabati na kazi hakuna. Lakini hii mambo inatuhusu, juu ile kazi tunatafuta kila siku njo ile.

Mu makampuni makubwa, mukubwa halipwi tu mushahara. Anapewa pia haki ya kununua hisa, zenye tunazoea kuita aksio, kesho kwa bei ya leo. Tuseme hisa leo iko dola 10, kiisha miaka tatu inafika 30: ananunua kwa 10, anauzisha kwa 30. Ikianguka kufika 5, hanunui, basi. Hakuna kitu amepoteza. Na wanatuambia ni haki yake, juu yeye njo anabeba hatari.

Hatari gani? Mu mwezi wa tano 2011, Glencore iliingia ku soko la hisa la London. Mbele ya siku ile, kampuni ilikuwa ya wakubwa na wafanyabiashara wake, watu karibu 485. Hisa za patro wake, Ivan Glasenberg, zilihesabiwa karibu dola miliari 9. Glencore ilikuwa tayari mu migodi ya Kolwezi. Ile liste haikuwa ya mashofere wa beni.

Kiisha bei ya kobalti ikaanguka, na mwisho wa 2019 Glencore ikasimamisha uchimbaji wa Mutanda. Mutu atasema hisa za wakubwa nazo zinashuka. Ndiyo, lakini hata nusu ya miliari 9 inatosha kula. Mushahara ukikatika, hakuna nusu. Na wa sutretansi njo wanatoka wa kwanza, hata barua hawapewi.

Kode Minie ya 2018 inaomba kampuni yenye kutafuta ruhusa ya kuchimba itoe asilimia 10 ya hisa bure kwa Serikali, na tena asilimia 10 ya mtaji ishikwe na raia wa Congo. Raia gani? Tunajua inchi yetu: bila kuchunga, raia atakuwa mutoto wa fulani, shemeji wa fulani. Sisi tunasema wenye kushuka mu mugodi wapite mbele, na wa sutretansi ndani.

Wasitupatie karatasi tu. Hapa kwetu hakuna soko la hisa. Faida isipogawiwa kila mwaka, ile hisa hailipe hata minerval ya mutoto. Na isikuwe sababu ya kupunguza mushahara.

Tunaomba kila kampuni ya madini itangaze majina ya wenye kushika ile asilimia 10. Kama hakuna hata mutu mmoja mwenye kuvaa kaske, tutakuja kuuliza ku mulango.